Chuma cha Kilimia na cha Omega Centauri

Nyota za kundi la Kilimia, ambazo hapa Arusha tunaziona vizuri jioni za Januari, zilizaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Tunatarajia basi kwamba kemia yao ni moja, na matarajio hayo ndiyo yanayoyapa makundi ya nyota thamani kubwa kwa wanaopima, kwa maana hapo kipimo chenyewe hupimwa.

Kinachopimwa ni nuru. Ikitawanywa katika rangi zake huonekana mistari myembamba ya giza, na tangu kazi ya wanasayansi Kirchhoff na Bunsen ya mwaka 1859 tunajua kwamba kila elementi ina mistari yake. Hata hivyo, mstari wa chuma haukolei kwa wingi wa chuma peke yake, bali pia kwa joto la nyota na mvutano ulioko usoni pake. Mwanaastronomia Cecilia Payne alilizingatia joto hilo mwaka 1925, akagundua kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni hidrojeni.

Jibu la nyota moja, basi, halina shahidi. Lakini zikipimwa nyota nyingi za kundi moja, za moto na za baridi, na kiasi cha chuma kikawa kinapanda au kushuka kufuatana na joto, mtafiti makini hushuku kwanza hesabu zake. Naiheshimu sana tabia hiyo.

Wakati mwingine tofauti ni ya kweli. Katika M67, kundi lenye umri wa takriban miaka bilioni 4, atomi nzito huzama polepole chini ya uso wa nyota, kisha huibuka tena nyota inapovimba kuwa jitu jekundu na gesi yake kuchanganyika upya.

Omega Centauri ni jambo jingine kabisa. Kundi hili, linaloonekana kusini jioni za Mei na Juni kama nyota yenye ukungu, lina nyota ambazo chuma chake kinazidi cha wenzao zaidi ya mara kumi. Wala kosa la hesabu wala kuzama kwa atomi hakuwezi kuleta pengo kama hilo. Chuma hutokana na milipuko ya nyota, na ni lazima masalia ya milipuko yalibaki humo yakazaa nyota nyingine. Kundi la kawaida halina mvutano wa kutosha kuyazuia masalia hayo. Ndiyo maana wanaastronomia wengi, nami nakubaliana nao, huliona kundi hili kuwa kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na galaksi yetu.