Jumamosi kwenye shina la mgomba

Gitaa nililolinunua kwa mshahara wangu wa kwanza bado linaning'inia ukutani hapa Ntinda, Kampala, likiwa limekatika nyuzi mbili. Chini yake kuna kasha la rangi za kuchorea zilizokwisha kukauka, na juu ya kabati kuna ubao wa sataranji nilioununua baada ya kusoma habari za Phiona Mutesi wa Katwe. Kila kimoja nilikianza kwa moto mkubwa na kukiacha kimya kimya, wala siwezi kuitaja siku niliyokiacha, kwa kuwa kuacha hakuna tarehe. Ni Jumamosi moja unayosema utafidia wiki ijayo.

Miaka minne iliyopita rafiki yangu alinipeleka kwa mzee mmoja anayefundisha amadinda uani kwake, upande wa nyuma wa kilima cha Mengo. Kwa msomaji asiyeijua, hii ni marimba ya Kiganda yenye vipande 12 vya mbao, aghalabu ya mti uitwao lusambya, vinavyolazwa juu ya mashina mawili mabichi ya mgomba na kutenganishwa kwa vijiti vilivyochomekwa humo. Mpigaji wa kwanza huanza mkondo wake, wa pili anayemkabili huchomeka mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenziwe, na wa tatu hukaa kwenye vipande viwili vyembamba kuliko vyote kwa sauti, akidaka noti fulani anazozisikia zikiibuka katika mchanganyiko huo. Wakipatana, sikio husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga.

Siku ya kwanza mzee aliniuliza nilikozaliwa. Nilimjibu kwamba mimi ni mtoto wa kambi ya Bombo, niliyelelewa kwa Kiswahili cha askari. Alinyamaza kidogo. Jeshi liliivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, Mei 1966, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Zilirudishwa mwaka 1993, baada ya wapigaji wa ikulu kuishi zaidi ya robo karne bila ikulu ya kupigia. Albert Ssempeke, mmoja wao, aliendelea kupiga na kufundisha. Evaristo Muyinda, ambaye mtafiti wa muziki Gerhard Kubik wa Austria alianza kujifunza kwake mwaka 1959, naye hakuziweka chini fimbo zake. Nadhani mzee aliyafikiria hayo yote kabla ya kunyoosha mkono na kunipa vijiti viwili vya kupigia.

Aliniweka nafasi ya pili, ile wanayoiita okwawula, na kwa miezi mitano nilikuwa kero. Nilipomsikiliza mwenzangu, mikono yangu iliteleza ikaangukia mapigo yake. Nilipojitia uziwi, nilipotea kabisa. Nilikuwa nikihesabu kwa kufuata yeye, nikijiona mimi ndiye mwenye kuchelewa daima. Siku moja mzee alikishika kiganja changu cha kulia akakisimamisha hewani, akaniambia, "Usimhesabu yeye, mwanangu. Lako ndilo pigo la kwanza. Yeye ndiye anayekuja nyuma." Yule wa mbele yangu, bila shaka, alikuwa ameambiwa vivyo hivyo kuhusu mimi. Ilichukua wiki nyingine tatu hadi masikio yangu yakakubali, na yalipokubali nilishtuka nikakosea hapo hapo.

Kwa kawaida yangu ningekuwa nimekwisha kuacha mwezi wa tatu, mvua zilipoanza na boda boda zikapandisha nauli. Sikuacha, na sitadai kwamba nilikuwa na nia ya chuma, maana wanaotushauri tuamke saa kumi alfajiri na kujiapiza mbele ya kioo hawajanisaidia hata mara moja. Kilichonishika ni kwamba nisipofika, wenzangu wawili wanabaki na wimbo wenye pengo katikati, nao wamepanda teksi mbili kila mmoja ili kufika pale. Gitaa halikunidai chochote.

Gharama yake ilikuwa mikutano ya harusi. Anayeishi Kampala anajua kwamba ukoo hauozi mtoto bila vikao vya wikendi kumi, vyenye mwenyekiti, mweka hazina na ahadi za michango zinazosomwa kwa sauti. Nilianza kutuma mchango wangu kwa simu na kubaki Mengo. Shangazi yangu mmoja alilichukulia jambo hilo kuwa dharau, nami sikuwa na maneno ya kumweleza kwamba mtu mzima mwenye kazi ya ofisini ana miadi isiyovunjika na vipande 12 vya mti.

Jumamosi iliyopita tulikuta shina moja limenyauka na mbao zinatoa sauti ya kibuyu, tukakata jingine nyuma ya jiko, utomvu ukatuchafua mashati. Tulipomaliza kupanga, mzee alinielekeza kwa kidevu nikae mwisho, kwenye vile vipande viwili vya juu. Nilidaka noti tatu, nikazikosa zaidi ya thelathini, na hakuna aliyesimama kunisubiri.

Binti wa shangazi anaolewa mwezi ujao, siku ya Jumamosi. Nimekwisha kumwambia mama yake kwamba nitafika baada ya saa kumi.