Kuunyima uvimbe wa kinywa mishipa ya damu

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alieleza kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita moja au mbili hivi usipochipuza mishipa mipya ya damu ya kuulisha. Wengi walimtilia shaka. Leo protini kuu inayochochea uchipuaji huo, VEGF, inajulikana vyema, nami huikumbuka kila ninaposoma kuhusu saratani ya kinywa, ugonjwa unaotuhusu sana sisi tuliokulia penye tambuu, kwa kuwa popoo na tumbaku vyote viwili huusababisha.

Njia inayonivutia zaidi ni kunyamazisha jeni. Ili seli itengeneze protini, jeni hunakiliwa kwanza katika RNA, na nakala hiyo ndiyo inayobeba maagizo. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia minyoo, kwamba RNA yenye nyuzi mbili huifanya seli iangamize nakala inayolingana nayo, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Hivyo kipande kifupi cha RNA ya aina hiyo, chenye herufi 21 hivi (yaani viungo vya kemikali vinavyoiunda), kikitungwa kwa kufuata nakala ya VEGF, kinatarajiwa kuifanya ikatwe kabla protini haijatengenezwa.

Ugumu uko katika kukifikisha. Kikiachwa uchi ndani ya damu, vimeng'enya hukivunja upesi na figo hukichuja. Dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa, patisiran ya mwaka 2018, hufungashwa ndani ya vitone vya mafuta na hulenga ini, ambalo huvipokea kwa urahisi. Uvimbe wa ulimi au wa ufizi, kwa upande wake, mara nyingi huonekana kwa macho na hufikiwa kwa sindano, na kwa sababu hiyo naona kinywa ni mahali pa kufaa kuijaribu njia hii.

Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2008 katika macho ya panya ulinifunza tahadhari: vipande visivyolenga jeni lolote navyo vilipunguza mishipa, kwa kuamsha kipokezi cha kinga kiitwacho TLR3. Kwa hiyo nikisoma kwamba uvimbe wa kinywa umesinyaa, kwanza huwatafuta panya wa kulinganishia, waliopewa RNA isiyolenga chochote, kisha hutazama kama VEGF yenyewe ilipimwa ikaonekana imepungua.