Mke wa mlevi aliyekasirika mumewe alipoacha pombe

Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa wa New York, aliacha pombe Desemba 1934, na mwaka uliofuata yeye na daktari Bob Smith wa mji wa Akron, jimbo la Ohio, wakaanzisha Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha ulevi. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi. Isiyosimuliwa sana ni ya mkewe, Lois, aliyefunga naye ndoa mwaka 1918 na kukaa miaka mingi akimhangaikia: alifanya kazi katika duka kubwa ili wapate kula, na alijaribu kila njia aliyoijua kumwachisha, pamoja na kumchukua mwaka 1925 katika safari ndefu ya pikipiki kwa matumaini kwamba akiwa mbali na marafiki wa ulevini atatulia. Hatimaye akaacha kweli, na Lois alitarajiwa kufurahi. Badala yake, siku moja mumewe alipomhimiza afanye haraka wasichelewe mkutanoni, Lois alimrushia kiatu na kuilaani mikutano yake yote.

Mwenyewe alilieleza tukio hilo baadaye bila kuona haya, na maelezo yake yananifundisha kuhusu utegemezi wa kihisia zaidi ya orodha nyingi za dalili nilizozisoma. Aliona kwamba kwa miaka yote hiyo maisha yake yalikuwa yamezunguka ulevi wa mtu mwingine, kiasi kwamba ulevi ulipoondoka, na tena ulipoondolewa na watu wengine wala si yeye, alibaki hana kazi. Mlevi alitegemea pombe, na mkewe alitegemea kuwa mtu wa kumwokoa mlevi. Mwaka 1951 Lois na wenzake walianzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, na katika miaka ya 1970 watoa tiba wa Marekani, hasa katika vituo vya jimbo la Minnesota, wakaanza kuizungumzia hali ya jamaa hao kama jambo linalohitaji tiba yake lenyewe.

Ninasisitiza chimbuko hilo kwa makusudi. Siku hizi kila anayempenda mtu kuliko anavyopendwa huambiwa ana utegemezi wa kihisia, na mitandao imejaa watu wanaowagawia wenzao ugonjwa huu kwa kusoma ujumbe mmoja wa simu. Hali inayozungumzwa hapa ni nyembamba zaidi. Ni pale ambapo mtu hawezi kutulia mpaka mwenzake atulie, hujipima thamani kwa jinsi anavyohitajiwa, na humkinga mwenzake asifikwe na matokeo ya matendo yake. Mke anampigia simu bosi wa mumewe na kusema ana malaria, ilhali amelala kwa ulevi. Jioni analipa deni la kilabuni kimyakimya, kisha usiku anapekua mifuko ya suruali ili ajue kesho itakuwaje. Kila tendo kati ya hayo lina sababu yake, kwa maana mume akifukuzwa kazi watoto watalala njaa. Lakini yakijumlishwa, yanaufanya ulevi uwezekane kwa gharama ndogo kwa mlevi, na kumfanya mke awe mlinzi wa jambo lile lile analolichukia.

Mizizi yake hutafutwa kwanza utotoni, na hapo kuna utafiti unaotuhusu moja kwa moja. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akafanya kazi na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, na kuwafuatilia watoto wachanga 28 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwatembelea majumbani mwao mara kwa mara. Aliona kwamba wapo watoto waliomfanya mama kuwa kituo: wanatambaa mbali naye, wanachunguza vitu, wanageuka kuhakikisha yupo, wanaendelea. Wengine walilia sana hata wakiwa wamebebwa. Tofauti hiyo haikutokana na wingi wa mapenzi ya mama, bali zaidi na umakini wake katika kuzifahamu dalili za mwanawe na kuziitikia. Baadaye aliendeleza kazi hiyo Baltimore, na nadharia aliyoijenga pamoja na John Bowlby wa Uingereza ndiyo inayotumiwa leo na wengi wanaoeleza kwa nini mtu mzima hushikwa na hofu ya kuachwa.

Mtoto asiyejua leo atapokewaje hujifunza kusoma sura. Katika nyumba ya mlevi, au ya mzazi mwenye hasira zisizotabirika, mtoto wa miaka saba anaujua mlio wa lango unaoashiria usiku mbaya, na anajua kuwapeleka wadogo zake chumbani kabla mlango haujafunguliwa. Mara nyingi ni kifungua mimba, na mara nyingi husifiwa: mtoto mzuri, ana akili za kikubwa. Anakuwa mzazi wa mzazi wake. Akikua anaingia kwenye ndoa na ustadi huo ukiwa umekamilika, na mtu mwenye matatizo humvutia, kwa sababu kwake ndiyo kazi anayoijua. Kwa mtu mtulivu asiyehitaji kuokolewa hajui ashike wapi.

Ila Lois hakutoka katika nyumba kama hiyo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa daktari wa Brooklyn, katika familia yenye upendo, na kwa sababu mimba zake ziliharibika hakubahatika kupata watoto. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kila mwenye hali hii lazima awe na jeraha la utotoni. Mtu anaweza kulelewa vizuri kabisa akapewa nafasi ya mwokozi na mila na mazingira, hata na wema wake mwenyewe.

Na hapa kwetu mila hiyo ina walimu rasmi. Mwali anafundwa na kungwi, bibi harusi anakusanyiwa mashangazi na majirani kwenye kitchen party, na miongoni mwa mafunzo mazuri ya usafi na heshima hupenyezwa hili: mwanamke ni kuvumilia, na siri za ndani zibaki ndani. Ndoa ikifikishwa kwenye kikao cha ukoo kwa sababu ya pombe, mume huonywa kwa dakika chache, kisha sehemu kubwa ya kikao huelekezwa kwa mke. Anapika nini? Anampokeaje mumewe? Amemsitiri au amemtangaza? Sitara ni adabu nzuri na siidharau, maana hakuna mwenye akili anayetaka aibu zake zianikwe sokoni. Lakini kumsitiri mtu aliyekosea ni jambo moja, na kulificha kosa ili liendelee ni jingine, na wahenga waliosema mficha uchi hazai waliiona tofauti hiyo. Wanaume nao wamo, ingawa hutajwa kidogo: kaka mkubwa anayelipa madeni ya kamari ya mdogo wake kila mwisho wa mwezi, na anayejisikia si mtu siku asipoombwa, yumo katika hali ile ile ya Lois.

Baadhi ya watetezi wa haki za wanawake wa Marekani walilalamika mapema kwamba dhana hii inamgeuza mwanamke mgonjwa kwa kufanya kile hasa alichofundishwa. Wana hoja. Miongozo rasmi ya utambuzi wa magonjwa ya akili haijawahi kuiorodhesha kama ugonjwa, licha ya pendekezo lililotolewa miaka ya 1980. Tena pale palipo na kipigo, utii wa mke ni hofu yenye msingi na usipewe jina la kitabibu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na mwenye shida hiyo anahitaji usalama kabla ya ushauri wa kuacha kubembeleza.

Wapo pia wanaodhani dhana hii ni ya Wazungu wasiojua maisha ya kutegemeana. Sidhani. Daktari Murray Bowen, aliyelaza hospitalini familia nzima ili azichunguze pamoja na mgonjwa wao wa akili katika miaka ya 1950, hakuwataka watu waishi mbalimbali. Alitaka kujua kama mtu anaweza kubaki karibu na ndugu zake na bado awe na fikra zake mwenyewe. Kipimo hicho kinatufaa hata sisi tunaosomesha watoto wa shangazi. Ninayempelekea mama yangu fedha, na nikikosa ninaweza kumwambia nimekosa na usingizi ukaja, ninasaidia. Nikikopa kwa riba ili asinune, kisha nikamnunia mke wangu kwa ajili ya deni hilo, kuna kitu kingine kinachoendelea.

Kubadilika huanza na mambo madogo yasiyopendeza. Mke anaacha kumpigia simu bosi, na mume anajieleza mwenyewe. Mara nyingi hali huwa mbaya kwanza, kwa sababu aliyezoea kukingwa huongeza lawama, na mara chache huongeza mapenzi: analeta kitenge, anaapa mbele ya picha ya marehemu mama yake. Majaribio ya mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner kwa njiwa yalionyesha kwamba tabia inayotuzwa mara moja moja bila mpangilio ndiyo iliyo ngumu kufa, na kwa sababu hiyo kitenge kimoja kwa mwaka humshikilia mtu kuliko wema wa kila siku. Katika wiki hizo anahitaji watu wa kukaa nao ambao hawatamuuliza mume anaendeleaje, bali yeye amelala vipi, amekula nini, na ana mpango gani na Jumamosi yake.