Henson na Ootah wasitenganishwe

Mwaka 2019 tarehe 6 Aprili ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilitimia miaka 110 tangu Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Charles County, Maryland, mwaka 1866, asimame juu ya barafu mahali ambapo msafara wake ulipima na kusema hapa ndipo Ncha ya Kaskazini. Wanahistoria bado wanabishana kama walifika penyewe hasa au walibakiza maili kadhaa. Mimi ubishi huo haujawahi kumpunguza Henson hata kidogo. Nilikuwa naishi Silver Spring, jirani na hifadhi ya msitu yenye jina lake, na sikutaka siku kama ile ipite hivihivi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka kumi na miwili na tayari alikuwa amenogewa na jiokachi, mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kufuata GPS. Ndani ya visanduku hivyo watu huweka traka. Ni kibati cha chuma cha aina ile wanayovaa askari shingoni, chenye namba yake. Hakina betri wala hakitumi mawimbi. Anayekikuta anaiandika namba kwenye tovuti, anakibeba mpaka kisanduku kingine, na mwenye nacho anaona kwenye ramani kimefika wapi. Kinasafiri kwa hisani ya watu msiojuana nao. Nikamwambia, basi tumsafirishe Henson.

"Peke yake?" akauliza.

Swali zuri. Msafara ule wa 1909 ulianza na watu 24, sleji 19 (magari yasiyo na magurudumu, yanayokokotwa na mbwa juu ya barafu) na mbwa 133, lakini mwisho kabisa walikuwa sita: Robert Peary aliyekuwa mkuu wa msafara, Henson, na Wainuiti wanne, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Tukaagiza traka tano.

"Mjomba, na Peary je?"

"Peary ana mnara wake. Utauona."

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikaa jikoni kwa dada. Nilikuwa nimekata vipande vya ngozi kutoka mkanda wangu wa zamani, vyembamba, mfano wa hatamu za mbwa wa sleji, na tukaandika majina juu yake kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko. Nilimshikia ngozi kwa koleo, yeye akachoma herufi mojamoja, ulimi nje. Ooqueah alitutesa, ile Q ilitaka kutoboka. Nyumba nzima ikanuka ngozi iliyoungua, dada akafungua madirisha bila kusema neno.

Tulipofika kwa Ootah nikamsimulia jambo ambalo Henson mwenyewe aliliandika. Siku chache kabla ya kufika, barafu ilimponyoka miguuni akatumbukia baharini. Kwenye baridi ile mtu hana muda. Ootah akamdaka kwenye kisogo kama ambavyo angemdaka mbwa, akamvuta nje kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawahimiza mbwa wavuke. Kisha akamsaidia kubadili viatu na kuyakung'uta maji kwenye manyoya ya nguo zake kabla hayajaganda.

Mpwa wangu akaacha msumari. Akasema hawa wawili wasafiri pamoja. Kwenye kadi ya Henson akaandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wake mzuri wa shuleni, kwamba anaomba kupelekwa kaskazini na asitenganishwe na Ootah.

Asubuhi tukapanda treni mpaka makaburi ya Arlington. Ulikuwa msimu wa maua ya micheri na mabehewa yalijaa watalii. Pale Arlington huwezi kuacha kisanduku, ni makaburi ya taifa, kwa hiyo tulikwenda kutoa heshima tu, traka zikiwa mfukoni. Mnara wa Peary ni tufe kubwa la jiwe jeupe, na kwenye ncha yake ya kaskazini kuna nyota ya shaba. Jirani yake kuna jiwe jeusi la Henson na sura yake, manyoya ya kofia yakizunguka uso.

"Kwa nini hili linaonekana jipya?" akauliza.

Nikamweleza, na hapo sauti yangu haikuwa shwari. Peary alirudi akapewa cheo cha admeri, cheo cha juu cha jeshi la majini. Henson, aliyesema lugha ya Wainuiti, aliyetengeneza sleji na kuendesha mbwa kuliko mgeni yeyote katika misafara ile, alifanya kazi ya karani wa forodha New York kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1955 akazikwa Bronx. Ilipofika tarehe 6 Aprili 1988 ndipo mabaki yake na ya mkewe Lucy yakaletwa hapa. Miaka 33 baadaye! Mtoto akazitoa traka zote tano akazipanga chini ya jiwe, akazipiga picha, akazirudisha mfukoni.

Mchana tukaingia katika hifadhi ya Henson, tukafuata njia ya mbao iliyo juu ya eneo lenye tope, na kwenye mzizi wa mti ulioanguka tukakuta kopo la plastiki lenye daftari ndani. Akawaingiza Henson na Ootah, akaandika tarehe. Wale watatu tuliwaweka kwenye visanduku vingine baadaye.

Seegloo alipotea mapema Pennsylvania. Hutokea sana, na iliniuma. Egingwah alifika Scotland. Henson na Ootah walikaa mle koponi wiki kadhaa mpaka bwana mmoja akawachukua, akavuka nao bahari, na siku moja tukaona wamefika Tromsø, Norwei, ndani kabisa ya Aktiki. Alikuwa ameacha ujumbe kwenye ukurasa wa Henson. Alisema kisanduku cha kwanza alichokikuta kule kilikuwa na nafasi ya traka moja tu. Kwa sababu ya ile kadi hakutaka kumwacha mmoja, akatembea mpaka kisanduku kingine, kwenye theluji, akawaweka wote wawili.

Mpwa wangu alinipigia simu akanisomea ujumbe wote. Halafu akasema, "Mjomba, subiri kidogo, nataka kumwandikia kisa cha Ootah," akakata.