Nitawafukuza Kidogo Kidogo: Tafakari kwa Wanaopunguza Dawa za Steroidi

Wapendwa katika Bwana,

Neno letu la juma hili linatoka katika kitabu cha Kutoka 23:29-30. Mungu aliyeigawanya bahari kwa usiku mmoja anawaambia Waisraeli kwamba mataifa ya Kanaani hatayaondoa mbele yao katika mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwituni wakaongezeka na kuwasumbua. Atayaondoa kidogo kidogo, hata wao wenyewe watakapoongezeka na kuirithi nchi. Sababu ya kukawia inatajwa pale pale, nayo ni uchache wa watu. Mkono wa Bwana haukuwa umepungua nguvu, ila wakazi wapya walikuwa hawajatosha kuijaza nchi, na ushindi wa haraka ungewaletea simba na fisi kabla haujawaletea mavuno.

Nimelichagua neno hili kwa ajili ya ndugu zetu walioambiwa na daktari waanze kupunguza prednisoloni au deksamethasoni, ambazo ni dawa za steroidi, baada ya kuzitumia kwa miezi mingi au miaka. Wamo miongoni mwetu wenye pumu kali, wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), wenye baridi yabisi, na wazazi ambao watoto wao huvimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Wengi waliipokea habari ya kupunguza kwa shukrani, kwa kuwa dawa hizi zikitumika muda mrefu huufanya uso uwe wa mviringo, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hufukuza usingizi na kudhoofisha mifupa. Hawakutarajia kwamba kadiri vidonge vinavyopungua wangechoka kuliko walivyochoka wakiwa wagonjwa, viungo na misuli vingeuma, hamu ya chakula ingeondoka, kizunguzungu kingewashika wanapoinuka kitandani, na moyo ungejaa huzuni isiyo na sababu wanayoweza kuitaja. Baadhi yao wanajiuliza kama Mungu amewaacha katikati ya njia.

Inafaa tufahamu kinachotendeka mwilini, kwa maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Juu ya kila figo Muumba ameweka tezi ndogo iitwayo adrenali, ambayo hutengeneza homoni ya kotisoli, kwa wingi zaidi nyakati za asubuhi. Homoni hiyo husaidia kushikilia shinikizo la damu na sukari, na humwezesha mtu kustahimili homa, jeraha au mshtuko. Kiasi ambacho mwili wa mtu mzima hujitengenezea kwa siku ya kawaida kinakaribia kulingana na miligramu 5 za prednisoloni, yaani kile kidonge kimoja kidogo tunachokifahamu. Mgonjwa anapopewa miligramu 40 au 60 kwa siku ili kuuzima ugonjwa wake, na akaendelea kwa zaidi ya wiki 3 au 4, ubongo huona kwamba kotisoli imejaa tele na huacha kuziagiza tezi zifanye kazi, nazo kwa kukosa kazi husinyaa. Dawa ikikatwa ghafla, aliyekuwa akiilinda nchi ameondoka na mwenyeji hajawa na nguvu za kuilinda.

Naomba mfano huu usisukumwe mbali mno. Dawa si Mkanaani, na wengi wanaosoma maneno haya wako hai kwa sababu yake. Ninacholinganisha ni mwendo: cha nje kinaondoka kwa kadiri cha ndani kinavyokua. Ndiyo maana daktari anaweza kushusha dozi kwa hatua kubwa mwanzoni, kutoka 40 hadi 30 na kutoka 30 hadi 20, lakini akifika karibu na miligramu 7 au 5 hubadilisha mwendo, akapunguza pengine miligramu 1 kwa mwezi, au polepole zaidi ya hapo. Hapo ndipo subira za watu wengi huishia. Mtu husema, imebaki nusu ya kidonge tu, ya nini kuhangaika nayo, akaitupa. Kumbe nusu ile ya mwisho ndiyo nzito kuliko vidonge vyote vilivyotangulia, kwa sababu chini ya kiwango hicho mwili hauna tena akiba ya nje ya kuegemea na tezi zinalazimika kuamka. Kuamka kwake huweza kuchukua miezi, na kwa wengine mwaka mzima au zaidi, na daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu cha asubuhi ili ajue zimefikia wapi.

Uzoefu huu si mpya. Mwaka 1948, huko Rochester katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, dawa ya jamii hii hii ya steroidi, mwanamke mwenye baridi yabisi ambaye alikuwa hawezi kutembea sawasawa, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Watu waliiona dawa ile kama muujiza, na sidhani kama walikosea kushukuru. Lakini mapema sana ilionekana pia kwamba sindano zikisimamishwa maumivu hurudi, na kwamba dozi kubwa ina gharama yake. Tangu hapo waganga wamejifunza kwamba kutoka katika dawa hii kunahitaji hekima sawa na kuingia.

Sasa tumtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikuwa ametoka juu ya Karmeli, mahali ambapo moto ulishuka mbele ya macho ya watu wote, na baada ya muda mfupi yuko jangwani chini ya mretemu akiomba afe. Mwalimu wa dini mwenye haraka angemkemea kwa kukosa imani. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, na pale palikuwa na mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Mara ya pili malaika akamgusa akamwambia maneno ambayo ningependa kila anayepunguza dawa ayashike: safari hii ni kubwa mno kwako. Mbinguni walikuwa wanajua kwamba mwili wa nabii umeishiwa, na wakaanza na chakula na usingizi. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baadaye, mtu akiwa ameshakula mara mbili.

Basi huzuni inayokuja katika wiki za kupunguza dozi isihesabiwe kuwa dhambi iliyofichika. Mara nyingi ni mwili unaolia kwa kupungukiwa kotisoli, na daktari anapaswa kuambiwa habari za huzuni hiyo kama anavyoambiwa habari za magoti yanayouma. Aambiwe kila kitu kwa ukweli, kwa kuwa ni yeye mwenye vipimo vya kutofautisha mambo yanayofanana mno kwa anayeyapitia: mwili unaozoea dozi ndogo, tezi ambazo bado hazijaamka, au ugonjwa wenyewe unaorudi. Iwapo ataipandisha dozi tena kwa muda, mgonjwa asijione ameanguka. Israeli nao walizunguka jangwani, na wingu liliposimama walisimama.

Kuna jambo ambalo ni lazima tulizungumze kama kanisa, hata kama litawaudhi baadhi yetu. Tunapenda ushuhuda wa mtu aliyeombewa Ijumaa akatupa dawa Jumamosi. Kwa aliyetumia steroidi kwa muda mrefu, ushuhuda wa namna hiyo unaweza kuishia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hezekia aliahidiwa na Bwana mwenyewe kwamba ataongezewa miaka 15, na bado Isaya aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake. Hakuna aliyesema kwamba tini zimeidharau ahadi. Anayeamini kwamba Mungu amemponya aende kliniki na imani yake, amweleze daktari, apunguziwe kwa utaratibu. Uponyaji ulio wa kweli hautapotea kwa kusubiri miezi michache.

Vivyo hivyo kuhusu kufunga. Kwaresima inapofika, au usharika unapotangaza mfungo wa siku kadhaa pamoja na mkesha, anayepunguza dawa hizi asijiunge kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa sababu kidonge chake humezwa asubuhi pamoja na chakula, na mwili wake hauna uwezo wa kawaida wa kustahimili njaa na kukosa usingizi. Mchungaji atakayemwambia hivyo mbele ya watu atakuwa amemwondolea aibu ya kueleza peke yake.

Wanaoishi naye nyumbani wajue dalili za hatari. Kutapika au kuharisha kiasi kwamba vidonge havikai tumboni, udhaifu mkubwa wa ghafla, kuzirai, kuchanganyikiwa, hayo si mambo ya kungojea kuche. Apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe waziwazi kwamba huyu ametumia steroidi kwa muda mrefu, ili wafikirie sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa. Hata akipata malaria au homa nyingine, akipata ajali, au akitakiwa kufanyiwa upasuaji, dozi yake huenda ikahitaji kuongezwa kwa siku hizo, kwa kuwa mwili mzima na wenye tezi zilizo hai ungejiongezea wenyewe. Ni vema awe na karatasi mfukoni yenye jina la dawa na dozi yake.

Niseme pia, kwa kupita, kwamba wapo wanaotumia dawa hizi bila kujua. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi kali kama klobetasoli, na deksamethasoni huuzwa kwa wanaotaka kunenepa. Dada anayeacha krimu hizo akaona ngozi imewaka na kuwa nyekundu asirudi dukani kununua nyingine, wala asicheke nayo. Amwone daktari wa ngozi na amwonyeshe kopo lenyewe.

Wako hatimaye wale ambao tezi zao hazitaamka tena vya kutosha, au ambao ugonjwa wao haukubali dawa iishe. Kitabu cha Waamuzi kinakiri kwamba mataifa mengine yalibaki katika nchi. Na Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliletwa Yerusalemu akala daima mezani pa mfalme, na habari yake katika 2 Samweli 9 inamalizika kwa kusema kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuambiwa apone kwanza ndipo aketi. Ndugu au dada atakayebaki na kidonge kimoja kila asubuhi maisha yake yote asiondolewe katika orodha ya tunaowaombea, asinyimwe kazi ya kufanya katika usharika, wala asiulizwe kila Jumapili ataacha lini.