Jina Kwenye Kisanduku cha Barua: Kutoka Machame Hadi Leipzig

Bibi yangu alilijua jina la Leipzig miaka mingi kabla yangu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka mji huo walifika Machame mwaka 1893, na usharikani kwetu Leipzig hutajwa kama anavyotajwa ndugu aliyeolewa mbali. Nilipompelekea habari kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huko, aliniuliza jambo moja tu: "Utakaa kwa nani?" Nikamwambia nitapanga chumba. Akanyamaza, akaendelea kumenya ndizi zake. Nililichukulia swali lile kuwa la kizee. Sikujua kwamba mwezi wangu wote wa kwanza Ujerumani ningeumaliza nikilitafutia jibu.

Kabla ya uwanja wa ndege kulikuwa na fedha. Ili kupata viza ya masomo inabidi uonyeshe kwamba una fedha za kujikimu mwaka mzima, na njia wanayoitumia wengi ni akaunti iitwayo Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Fedha ni zako, ila unafunguliwa kiasi tu kila mwezi. Mwaka 2023 zilitakiwa euro 11,208, ambayo ni euro 934 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu zilikaribia milioni 30. Kihamba, yaani shamba la ukoo, hakiuzwi, kwa hiyo kaka yangu alikopa kwenye SACCOS ya walimu, wajomba wakachanga, mama akauza ng'ombe. Nayataja haya kwa sababu kila senti niliyopoteza baadaye kwa kutojua, niliiona ina sura ya mtu. Kiwango chenyewe hupanda. Septemba 2024 kilifika euro 11,904, kwa hiyo anayejiandaa aulize cha mwaka wake, asipige hesabu kwa barua ya viza ya aliyemtangulia.

Niliondoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) Ijumaa tarehe 29 Septemba 2023, nikapitia Addis Ababa, nikashuka Frankfurt Jumamosi kabla ya saa 12 asubuhi. Karatasi zote nilikuwa nazo mkononi: barua ya chuo, uthibitisho wa akaunti, bima ya afya, vyeti halisi na cheti cha kuzaliwa. Hilo alinisisitizia mama, na alikuwa sahihi, maana ofisa wa mpakani aliomba kuziona palepale dirishani. Begi kubwa linaweza kuchelewa. Karatasi zisiwemo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la tiketi. Nilikuwa nimenunua mapema, kwa bei nafuu, tiketi ya treni ya saa 1 na nusu asubuhi. Tiketi za namna hiyo hufungwa na treni moja tu, ikikuacha, basi. Foleni ya pasipoti ilinila zaidi ya saa nzima, na nilipofika kwenye jukwaa la stesheni ya hapo uwanjani, treni ilikuwa imeshaondoka. Nikanunua nyingine, kwa bei iliyozidi ile ya kwanza mara tatu. Ningejua, ningeacha mwanya wa saa nne hivi kati ya ndege na treni, au ningelipa zaidi kidogo tangu mwanzo nipate tiketi inayoruhusu treni yoyote ya siku hiyo.

Njiani nilikaa dirishani. Tulipita Fulda, tukapita Erfurt, mashamba ya mahindi yaliyokauka yakisubiri kuvunwa, na mitambo ya upepo imesimama vilimani ikizunguka taratibu. Behewani watu walikuwa kimya. Nikimpigia mama nilinong'ona, naye akadhani naumwa.

Stesheni kuu ya Leipzig nilipokewa na dada mmoja wa Iringa, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, niliyepewa namba yake na mchungaji wetu. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, halafu kabla hata ya kuuliza habari za safari akasema, "Tupite dukani kwanza. Kesho Jumapili, maduka yanafungwa. Na Jumanne ni sikukuu." Ni kweli: tarehe 3 Oktoba wanaadhimisha kuungana kwa Ujerumani mbili mwaka 1990, na siku hiyo, kama ilivyo Jumapili, madukani kunafungwa isipokuwa sehemu chache kama za stesheni. Tulinunua mkate, mayai, mchele na vitunguu. Nilipotaka kubeba katoni ya maji akaniambia ya bombani yananyweka bila kuchemshwa. Chupa ya plastiki ukiinunua unaongezewa senti 25 juu ya bei, na unarudishiwa ukiipeleka kwenye mashine dukani. Watoto wa nyumba yetu ya sasa wanazikusanya kama sisi tulivyokusanya vyuma chakavu.

Nilifikia kwenye chumba nilichokodi kutoka kwa kijana aliyekuwa safarini. Kilikuwa safi, chenye meza na kitanda. Siku ya tatu nilimwomba fomu, na hapo ndipo mambo yakaharibika.

Fomu hiyo ni karatasi moja tu ambayo mwenye nyumba anaijaza na kuisaini kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Bila hiyo hufanyi Anmeldung, na neno hilo hata Mtanzania asiyejua Kijerumani kingine analijua. Ni kujiandikisha serikali ya mji kwamba unaishi mahali fulani, na sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Kila kitu kimefungwa hapo. Benki niliyoiendea ilitaka cheti cha Anmeldung ndipo inifungulie akaunti. Akaunti iliyofungwa haiwezi kunilipa zile euro 934 mpaka niwe na akaunti ya kawaida. Namba ya kodi, ambayo mwajiri ataitaka, inatumwa kwa posta baada ya kujiandikisha. Ofisi ya wageni nayo inataka anwani hiyohiyo kabla ya kuigeuza viza kuwa kibali cha kuishi. Nilikuwa na milioni 30 za ukoo mzima zimekaa mahali, na sikuwa na uwezo wa kugusa hata moja, kwa sababu kijana yule alipangisha bila idhini ya mwenye nyumba na hakuthubutu kusaini.

Nilibaki na euro 600 za mfukoni. Dada wa Iringa alinisogezea godoro sebuleni kwake, na kwa wiki tatu nilitafuta chumba kama mtu anayetafuta kazi. Ndivyo ilivyo: wanaoishi pamoja wanakuita, mnakunywa chai, wanakuuliza unapika nini, unalala saa ngapi, unasafisha jikoni mara ngapi. Watu kumi na wawili wanaitwa kwa chumba kimoja. Nilikutana pia na tangazo la nyumba nzuri ya bei ya chini, mwenyewe akadai yuko nje ya nchi na angenitumia ufunguo kwa posta nikishatuma amana. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kuamini. Dada akanishika mkono: "Mdogo wangu, hutumi hata senti kwa chumba ambacho mguu wako haujaingia." Nawaambia hivyohivyo wadogo zangu leo. Na swali la kwanza kwa mwenye chumba, kabla ya bei, liwe hili: je, nitaweza kujiandikisha hapa?

Hatimaye nilipata Reudnitz, mashariki ya katikati ya mji, kwa Wajerumani wawili na binti mmoja wa Kivietnamu. Fomu ilisainiwa siku ileile. Miadi ya ofisi ya wakazi niliipata kwa kufungua tovuti asubuhi na mapema, wakati nafasi zilizofutwa na wengine zinaporudi.

Karani alikuwa mama mpole. Aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, ndoa, kisha dini. Nilikuwa nimeshaonywa na wenzangu niseme sina. Ukijiandikisha kuwa Mlutheri au Mkatoliki, siku utakapokuwa na mshahara unaokatwa kodi utakatwa na ya kanisa pia, na katika jimbo la Saxony, uliko mji wa Leipzig, ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Niliijua hesabu. Nikasema mimi Mlutheri. Nimebatizwa katika kanisa lililotokana na mji huu huu, na bibi yangu yuko hai; sikuweza kumkana kwenye fomu. Kila mtu ajibu kwa dhamiri yake, ila aingie ofisini akijua swali linakuja na lina maana gani. Kijana mmoja ninayemfahamu alishangaa kuiona kodi hiyo kwenye hati ya mshahara miaka miwili baadaye.

Nilitoka na cheti, nikafungua akaunti, nikaambiwa kadi na namba ya siri vitakuja kwa posta, kila kimoja kwa bahasha yake. Nikasubiri wiki. Ikapita nyingine. Nilipoenda kuuliza nikaambiwa barua zimerudi: mpokeaji hajulikani kwenye anwani hiyo.

Sikuelewa. Anwani ilikuwa sahihi mpaka namba ya nyumba. Nikarudi, nikasimama chini ngazini mbele ya visanduku vya barua, kumi na viwili, vya chuma. Hapakuwa na namba ya chumba hata moja. Kulikuwa na majina. Postamani wa pale hatafuti ghorofa wala mlango. Anatafuta jina la ukoo kwenye kisanduku, asipoliona anarudisha barua ilikotoka. Wenzangu wote watatu walikuwa wamebandika yao. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu kwao ni jambo ambalo mtu huzaliwa analijua. Mimi nimekua barua zikija kwa S.L.P. ya usharika, na mzee wa kanisa anatangaza baada ya ibada nani ana barua yake. Anayetoka kwenye utaratibu ule hawezi kulibuni hili peke yake. Nilipanda juu, nikachukua karatasi na gundi ya utepe, nikaandika jina la baba yangu kwa herufi kubwa, nikalibandika kwenye kisanduku na kwenye kengele ya mlangoni.

Bahasha zikaanza kuja. Namba ya kodi. Kadi ya bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 gharama yake wakati ule ilikuwa kama euro 120 kwa mwezi. Barua ya ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Hiyo wageni wengi huitupa wakidhani ni matapeli, kisha deni linakua. Wanaoishi nyumba moja wanalipa mara moja tu kwa wote na kugawana, kwa hiyo ukipata barua, jibu kwa kutaja namba ya ada ya mwenzako anayelipa tayari. Kanuni niliyojiwekea ni kuifungua kila bahasha siku inapofika, nikaitafsiri yote kwa simu, na nisipoielewa nikaipeleka kwenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo. Barua nyingi zina tarehe ya mwisho ya kujibu, na tarehe hiyo haisubiri Kijerumani chako kikomae.

Chuoni nilikuta jambo lililonifariji. Kipindi kilichoandikwa kinaanza saa 4 kamili na herufi c.t. pembeni, kinaanza saa 4 na robo. Kikiwa na s.t. ni kamili kweli. Ila kwa daktari, kwa ofisi, kwa mwenye nyumba, hakuna robo. Dakika tano za kuchelewa zinaombewa radhi kwa simu.

Saa zilirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tukawa nyuma ya nyumbani kwa saa mbili badala ya moja, na giza likaja. Desemba jua lilizama saa 10 jioni. Niliwaona wenzangu wakifungua madirisha wazi kabisa kwenye baridi, dakika tano, kisha wakafunga; ni kuondoa unyevu ili ukuta usiote kuvu, na mwenye nyumba anaweza kukudai kwa kuvu hiyo. Hilo nililizoea. Upweke ulikuwa mgumu zaidi. Wiki moja ya Januari sikutoka kitandani isipokuwa kwenda darasani. Nilienda kwenye ushauri nasaha wa Studentenwerk, shirika linalosimamia mabweni na migahawa ya wanafunzi, ambako hulipi chochote, na mama mshauri alinisikiliza nikilia kwa Kiingereza. Ningependa kila anayekwenda ajue mlango huo upo kabla hajauhitaji. Na kwa ugonjwa wa mwili usiku au Jumapili, usio wa kufa na kupona, namba ni 116117. Wa kufa na kupona ni 112.

Kazi niliianza Machi 2024, jioni kwenye ghala. Mwezi huohuo sheria mpya ilianza kuturuhusu wanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, badala ya 120 na 240 za zamani. Mshahara wa kwanza nilimtumia kaka, kwa ajili ya SACCOS.

Oktoba iliyofuata mchungaji akatoa namba yangu. Kijana alitoka Bukavu, Kiswahili chake kikitiririka na Kifaransa ndani yake, koti jembamba, mkoba wa karatasi ameukumbatia kifuani. Chumba alikuwa amepata, fomu imesainiwa. Tulipofika kwake alikimbilia ngazi akitaka kuona kitanda. Nikamwambia, "Subiri kidogo, ndugu yangu," nikafungua begi nikatoa kalamu na utepe. Nikamwomba anitajie jina la ukoo wake, herufi kwa herufi.