Usukani wangu ulipopanda basi kwenda Tanga

Kilichonisukuma kuuvisha usukani wa gari langu ngozi mpya ni kanzu. Sikukuu ya Idd mwaka juzi nilitoka kuswali Magomeni nikaendesha mwenyewe hadi kwa wakwe zangu Mbagala. Nilipoteremka, mkono wa kulia wa kanzu ulikuwa na michirizi myeusi, utadhani nimetoka kushusha magunia ya mkaa. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mke wangu hakucheka. Alinishika kiganja, akakigeuza, akakikuta kinanata. "Baba watoto, hili gari lako sasa linatupaka masizi."

Gari lenyewe ni Toyota Altezza AS200 ya mwaka 2001, ile yenye injini ya 1G-FE. Wanaozijua wanajua tunavyojidai na dashibodi yake, mshale wa spidi katikati na vijisaa vidogo ndani yake kama saa ya mkononi. Ukikaa kwenye kiti cha dereva unaangalia dashibodi nzuri namna hiyo kupitia kwenye usukani uliobabuka kama ukoko wa ubwabwa.

Mwalimu wangu wa udereva alitufundisha kushika usukani kama uso wa saa, saa nne na saa nane. Barabarani mambo ni mengine: mkono wa kushoto huishia pajani au kwenye gia, na wa kulia unabaki peke yake saa nane, kiwiko dirishani. Basi saa nane yangu ndiyo iliyoliwa zaidi. Rangi iliyopakwa juu ya ngozi ya usukani ilikuwa imelainika kwa jasho na jua la Dar, maana kazini ninaegesha mchana kutwa pasipo kivuli. Halafu ikaja 2020 na vitakasa mikono. Kila ukipanda gari unapaka, kabla hakijakauka umeshashika usukani. Ile spiriti ilimalizia kazi ambayo jua lilianza.

Nilifanya kwanza kile kila mtu anachofanya: nikanunua kava la shilingi 10,000 kwa kijana wa kwenye foleni. Lilidumu wiki mbili. Siku moja nakata kona kuingia barabara ya mtaani kwetu, bajaji ikachomoza, nikazungusha usukani haraka. Mikono yangu ilizunguka, kava likazunguka, usukani wenyewe ukabaki ulipo. Bajaji ilinikwepa kwa upana wa kiganja na dereva wake akanitukania ukoo mzima. Niliegesha pale pale, nikalikata lile kava kwa wembe wa mke wangu wa kukatia nyuzi, nikalitupa.

Jumamosi nikaenda Gerezani kutafuta usukani mwingine uliotumika. Upo, wa Altezza ile ile, ngozi nzuri, na eabegi yake ndani, ule mfuko wa upepo wa kumkinga dereva akigonga, laki moja na themanini. Karibu nitoe hela. Nikaomba niugeuze niuone kwa nyuma, na hapo ndipo nilipoona kwamba eabegi haikuwepo, ni kifuniko kitupu chenye nembo, kwa ndani kama kifuu. Muuzaji hakuona haya. Alinieleza kwamba fundi anaweza kuweka kitu kidogo kwenye waya, taa ya eabegi ikazimika, "na hutajua tofauti". Kweli, sitajua, mpaka siku nitakayogonga.

Hata ingekuwepo nisingeitaka. Kampuni ya Takata ya Japani ilifilisika mwaka 2017 kutokana na eabegi zake, na magari yaliyoitwa kurudishwa yalikuwa ya kampuni nyingi, Toyota ikiwemo. Ile baruti ya kuzijazia upepo ilikuwa inaharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, halafu siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kuliko inavyotakiwa na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu wa miaka mingi! Hiyo si ndiyo Pwani yetu? Eabegi ya kuokota, isiyojulikana ilikaa wapi wala ilitoka kwenye gari gani, mimi hapana. Ya kwangu naijua, taa yake inawaka na kuzima inavyotakiwa, basi ibaki.

Fundi viti wa mtaani alitaka 60,000, ashone juu kwa juu bila kuvua ngozi ya zamani wala kufungua kitu. Alinionyesha kazi yake kwenye Noah moja. Usukani umenenepa kama mpini wa jembe. Nikamshukuru.

Ndipo nikamkumbuka mjomba. Mjomba wangu anakaa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, na anashona makubadhi tangu sijazaliwa. Nilimpigia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo stelingi inatoka?" Nikamwambia inatoka. "Basi ilete. Gari liache huko huko."

Kuutoa nilisaidiana na fundi wangu wa gereji, na hapa ndipo ninapomwomba yeyote asifanye haraka. Tulinyoosha magurudumu ya mbele yakatazama mbele sawasawa. Tukafungua waya wa hasi wa betri, kisha tukakaa. Maelekezo ya Toyota ni kusubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo wa eabegi una akiba yake ya umeme hata betri ikitolewa. Sisi tulikunywa chai kabisa. Pembeni mwa usukani, kulia na kushoto, kuna vifuniko vidogo vya plastiki. Ndani yake kuna skrubu zenye kichwa cha nyota ya pembe sita, namba T30. Hazitoki mpaka nje, zinalegea tu na kubaki humo humo, kwa hiyo usizivute kwa hasira. Eabegi ikaachia, nikachomoa plagi yake ya njano, nikaipeleka chumbani nikailaza juu ya kabati, uso wenye nembo ukitazama dari. Ukiilaza kifudifudi na ikapasuka, itaruka yenyewe kama kombora. Watoto niliwaambia kuna nyoka juu ya kabati.

Katikati inabaki nati moja, boksi namba 19. Fundi alinizuia nisitegemee loki ya usukani wakati wa kuilegeza, maana inaweza kuvunjika. Usukani unashikwa kwa mkono. Kabla ya yote alichora kwa kalamu ya rangi mstari mmoja unaopita kwenye shafti inayobeba usukani na kwenye usukani wenyewe, ili meno yake yarudi pale pale. Halafu akafanya jambo ambalo nisingelifikiria: alilegeza nati lakini hakuitoa, akaiacha imeshika nyuzi mbili tatu, ndipo akautikisa usukani kwa kuuvuta. Uliachia ghafla, puu, ukagonga nati. Angeitoa nati yote, ungempiga meno.

Nyuma ya usukani kuna kitu cha duara, mafundi wanakiita klok springi. Ndani yake mna mkanda mwembamba wa waya umejiviringisha kama utepe wa kaseti, ndio unaopeleka umeme wa honi na eabegi huku usukani ukizunguka. Fundi alikibandika seloteipu kisizunguke. Kumbukeni hiyo seloteipu.

Stendi ya Mbezi niliingia na usukani kwenye kikapu cha ukindu, umechomoza nusu. Kondakta aliniangalia, akaangalia kikapu, akapaza sauti kwa dereva wake: "Kaka, huyu mzee kaja na stelingi yake, leo pumzika!" Basi zima likaangua kicheko. Mpaka tunafika Segera kila tukipunguza mwendo kulikuwa na mtu wa kiti cha nyuma ananiambia nipige honi. Muheza nilinunua machungwa nikawagawia, wakaniacha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Gari umeliegesha wapi?"

"Ndilo hili."

Aliupokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Akaanza kuupapasa huku amefumba macho, anatafuta mshono. Mshono wa usukani uko upande wa ndani wa duara, pale vidole vinapokunjia. Juu ya meza yake kulikuwa na ngozi ya makubadhi, ngumu ile, nikauliza kama itafaa. "Ukiweka hii utashika gogo," akasema. Bahati nilikuwa nimebeba ya kwangu kutoka Kariakoo, futi sita za ngozi laini ya mikoba, unene kama milimita moja, nyeusi. Aliivuta huku na huku, akakuta inanyumbulika upande mmoja kuliko mwingine, akaitia alama ya chaki. Upande unaonyumbulika, alisema, uende kwa mzunguko wa unene wa usukani, siyo kwa urefu wake.

Tuliibandua ngozi ya zamani, vipande vitatu. Nilitaka tuvitumie kama kipimo, mjomba akakataa. Vimenyooshwa kwa miaka zaidi ya ishirini, havisemi ukweli tena. Badala yake tuliuzungushia usukani nailoni nyembamba ya jikoni, juu yake teipu ya karatasi, akachora kwa kalamu mahali kingo zinapokutana na mahali ngozi inapozama kwenye vifereji karibu na mikono ya usukani. Akakata, teipu ikatoka kama ganda la ndizi. Ikalazwa juu ya ngozi, ikachorwa, na kila ukingo akaupunguza kidogo sana, milimita mbili kila upande. Hilo pengo ndilo linalofanya ngozi ibane ukivuta uzi. Ukikata sawasawa na kipimo, ngozi italegea na kukunjamana mikononi.

Sponji ya usukani tuliipiga msasa mwepesi. Mimi nilikuwa nimeichana kwa wembe sehemu moja wakati wa kubandua. Kovu kama la ukucha tu, lakini mjomba alilijaza na kulisawazisha kwa zaidi ya saa nzima. Ngozi nyembamba haifichi kitu, alisema, kidole kitaliona kabla ya jicho.

Sasa siri yenyewe. Nilidhani tutatoboa matundu kwa msharasi kama kwenye makubadhi. La. Mjomba alipitisha kila ukingo kwenye cherehani yake ya mguu, mstari mmoja wa uzi mnene, milimita tatu hivi kutoka ukingoni, kishono baada ya kishono. Uzi wa mkono hauingii kwenye ngozi kabisa, unapita chini ya vile vishono vya cherehani, huku na huku, kama kufunga kamba za kiatu. Ngozi haitobolewi mara ya pili, haichaniki. Lakini idadi lazima ilingane pande zote mbili. Kipande cha juu, cherehani niliendesha mimi. Mjomba akahesabu kwa ncha ya msharasi, midomo inacheza: upande mmoja 96, wa pili 93. Hakunilaumu. Alifumua upande wa pili wote, akaurudia mwenyewe, ukatoka 96.

Tuliilowesha ngozi kwa maji ya vuguvugu, tukaivisha, gundi kidogo tu karibu na vifereji. Pale ngozi inapozama kwenye vifereji mjomba aliisukuma kwa mpini wa kijiko. Uzi ulipakwa nta. Robo ya kwanza alishona yeye, nikimwangalia vidole: anapitisha chini, anavuka, anapitisha chini, anavuta, na kila vishono vitano anarudi nyuma kukaza. Ukikaza kila kishono peke yake, mstari unayumba. Kisha akanipa mimi. Mpaka usiku wa pili uzi ulikuwa umenichora mistari kwenye vidole vya shahada vyote viwili, na shangazi akawa ananilisha machungwa maana siwezi kuyamenya.

Kilibaki kipande cha chini, kama shubiri moja. Basi langu lilikuwa la alfajiri. Mjomba alinifungia uzi na sindano kwenye karatasi, nikaja kumalizia nyumbani Dar, chini ya taa ya barazani, na mbu.

Siku ya kurudisha ndipo tukakuta seloteipu imetoka. Mwanangu wa kiume alikuwa ameendesha gari lisilo na usukani, kwa kushika kile kiduara, siku tatu mfululizo, kwenda Mwanza na kurudi. Ukifunga usukani hali klok springi haiko katikati, siku ukikata kona hadi mwisho ule mkanda wa waya unakatika, na honi na eabegi vinakwenda nao. Fundi alikizungusha polepole kinyume cha saa mpaka kikaanza kugoma, kisha akakirudisha mizunguko miwili na nusu, alama zikakutana. Tukaunganisha meno kwenye mstari wetu, nati ikakazwa, plagi ya njano, skrubu za T30, waya wa betri mwisho kabisa. Nilipowasha swichi taa ya eabegi iliwaka, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ikazima.

Ngozi 35,000, uzi na gundi 8,000, nauli kwenda na kurudi, na kitenge cha shangazi. Mjomba alikataa hela, alitaka picha. Nilipiga picha kwa karibu, upande wa juu, upande wa nane, upande wa chini, nikamtumia. Alikaa nazo mpaka jioni. Jibu lake lilikuwa ujumbe mfupi wa maandishi:

"Saa kumi na mbili umeruka kishono kimoja. Ni mbu?"

Nilitoka na tochi nikaenda kuangalia. Kweli.